Pacha wa Bi Mwanaesha

Bi Mwanaesha hakuwa mtu wa kupima mikojo. Yeye mimba aliiona kwa macho. Alimtazama mwanamke pale penye kishimo cha koo, akaona mshipa unavyopiga, na habari ikawa imekwisha. Kwa miaka yote aliyowakanda wajawazito wa Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna aliyethubutu kusema kwamba bibi huyu aliwahi kukosea. Basi asubuhi ile Zakiya, mke wa mwanawe, alipotoka kutapika tena, akajilaza na kujifunika leso usoni kwa sababu mwanga wa dirishani ulimchoma macho, Bi Mwanaesha aliweka kikombe chake cha kahawa chini. Akaifunua leso. Akamtazama kooni, akatazama tena, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Muhdhar," alimwita mwanawe, aliyekuwa mlangoni akivaa viatu aende Marikiti kwenye kibanda chake cha bizari. "Hebu njoo, baba. Kumbe mna mambo na hamsemi."

"Mambo gani, mama?"

"Mkeo mja mzito."

Muhdhar alikaa kitako pale pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Ndoa yao ilikuwa imekwenda miaka na miaka bila ya mtoto, na watu walikuwa wameshachoka hata kuwauliza. Alijaribu kusema kitu, akacheka. Akajaribu tena, akashikwa na kwikwi. Siku hiyo kibanda kilifunguliwa karibu na adhuhuri, na kila aliyetaka bizari ya pilau alipewa na mdalasini juu yake, bure, akaambiwa amsalimie mamake.

Sasa tuje chini ya ile leso. Zakiya alijua kwamba hana mimba. Siku zake alikuwa amezimaliza juzi tu. Kilichomsumbua ni kichwa: kilianzia kisogoni, kikasukuma macho, kikamkaza shingo, na kilipozidi ndipo alipotapika. Tena alijua jambo jingine ambalo Bi Mwanaesha hakulijua. Yeye na mumewe wote wawili walikuwa na virusi vya Ukimwi tangu kabla ya kuoana. Walikutana kwenye benchi la kliniki ya dawa, kila mmoja akimwambia mwenziwe kuwa amekuja kwa ajili ya jino, na uongo huo wa meno ndio uliowachekesha mpaka wakaoana. Muhdhar alimeza dawa zake kibandani, amezitia ndani ya mkebe wa iliki. Zakiya alimeza zake nyumbani bila kukosa, mpaka dari ya nyumba ya Bi Mwanaesha kule Kuze ilipoingia ufa na mama mtu akahamia kwao.

Fundi alisema mwezi mmoja. Mafundi tunawajua. Mwaka ulipita na ufa ukazidi kupanuka. Nyumba ya Muhdhar ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi, basi Muhdhar akatandikiwa ukumbini, wanawake wakalala chumbani, na kila Alhamisi Bi Mwanaesha akijitia ana safari ya kwa dadake Ganjoni ili awapishe. Alikuwa na wema huo. Lakini mikono yake haikutulia. Alipangusa, alikung'uta, alipanga upya mikebe ya jikoni, alikunjua nguo zilizokunjwa akazikunja vizuri zaidi. Zakiya aliuficha mkebe wa vidonge chini ya godoro, godoro likaanikwa juani. Akauchimbia ndani ya unga, unga ukatakiwa kwa mahamri. Kila mara aliuwahi kwa kuponea chupuchupu. Mwishowe aliufunga kwa gazeti akautupa jalalani, akajiambia ataanza tena siku mavyaa wake akirudi kwake.

Mtauliza mbona hakusema kwamba hana mimba. Nami nawauliza nyinyi: mavyaa wenu alishawahi kuwamenyea chungwa? Huyu alimenya, akatoa na kokwa, akampepea kwa upepeo, akamwita "mwanangu" kwa sauti ambayo Zakiya hakuwahi kuisikia. Kichwa kinauma, lakini mtu amekaa kitandani anakusugua miguu kwa mafuta ya nazi. Ungelisema wewe? Zakiya alijiambia kesho, na kesho nayo ikaja na chungwa lake.

*

Mimba changa haitangazwi, kwa sababu ya jicho la watu. Bi Mwanaesha ndiye aliyewafundisha wenziwe hivyo. Kwa hivyo alimwambia Tumu peke yake. Tumu alikaa nyumba ya chini na aliuza viazi karai barazani, na kila aliyenunua viazi jioni ile alipewa ukwaju na habari. Kabla ya magharibi ngazi ilikuwa haipitiki. Wakaja na maembe mabichi, wakaja na achari ya ndimu, wakaja na mabuyu mekundu. Mmoja alileta udongo wa kutafuna alioutoa mbali, asije mtu akamwambia hakuleta kitu. Zakiya alitapika vyote, na kila alipotapika wanawake ukumbini waliitikia "Mashaallah" na kujimiminia chai nyingine.

Muhdhar alileta Panadol kutoka duka la dawa. Mamake akaichukua mkononi mwake hata kabla hajafika chumbani.

"Mjukuu wangu ameshaanza kulishwa madawa?"

"Ni kichwa, mama. Chamuuma sana."

"Kichwa cha mimba ni cha mimba. Mimi nilipokuwa nawe nililia mwezi mzima, hukuzaliwa?"

Hilo Muhdhar hakuweza kulibisha. Alizaliwa, na mamake alikuwa mbele yake.

Siku zilivyokwenda, Zakiya akawa hatoki chumbani. Mapazia yalifungwa, mwanga haukutakiwa, harufu ya bizari kwenye nguo za mumewe ikamtapisha mara moja, jambo lililompa Bi Mwanaesha furaha kubwa. Asubuhi moja alikuwa akimtilia uji mdomoni, Zakiya akamtazama kwa jicho lililopinda.

"Mama, mbona nawaona wawili?"

"Wawili vipi?"

"Wewe na mwengine ubavuni mwako. Amevaa kama wewe."

Kijiko kikabaki hewani. Bi Mwanaesha aligeuka akatazama ubavuni, hakuona mtu, akageuka tena, na uso ukamfunguka.

"Pacha," akasema kwa sauti ya chini. "Mama wa pacha huona kila kitu maradufu."

Elimu hiyo haikuwahi kusikika popote duniani. Aliitunga pale pale, uji ungali mkononi, lakini ilipofika alasiri ilikuwa ni elimu ya wazee, na Tumu alikuwa akiwaeleza wateja kwamba hata nyanyake aliwaona watu wawili wawili alipokuwa na mimba ya wajomba zake. Marikiti nako wachukuzi walimwita Muhdhar "Baba Pacha". Aliitika. Alitembea kati ya magunia ya vitunguu kifua mbele, akiulizia bei ya vitanda vya watoto kwa watu wauzao ndizi.

*

Alhamisi mama mtu alipokwenda Ganjoni, Muhdhar aliingia chumbani na kukaa ukingoni mwa kitanda gizani.

"Kliniki wajua habari hii?"

"Wajua," akasema Zakiya.

"Wamesema dawa ziendelee? Maana mwenye kumeza vizuri huzaa mtoto mzima, tuliambiwa."

"Wamesema ziendelee."

"Nawe wameza?"

"Nameza, Muhdhar. Usinisemeshe sana, kichwa."

Alimpapasa kisogo. Shingo ilikuwa ngumu, haikukubali hata kuinama. Moyo wake ulimwambia kitu na yeye hakutaka kuusikiliza, kwa sababu alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa changa na aliiogopea.

"Twende tukaonane na daktari," akasema hata hivyo.

"Tutakwenda. Mama yuwaniandalia shughuli Jumapili, amealika watu. Niache Jumapili ipite." Kisha akacheka kidogo gizani. "Jana alinisuka nywele. Mamangu mwenyewe alinisuka mara ngapi? Alikuwa hana subira."

Muhdhar naye akacheka. Alitaka kumwambia kwamba anaogopa, badala yake akamwambia habari ya vitanda vya watoto.

*

Jumapili ilikuwa shughuli kweli. Bi Mwanaesha alifukiza udi mpaka macho ya watu yakatoka machozi. Halwa ilikuwapo, kaimati zilikuwapo, na wanawake walijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Zakiya alitolewa chumbani amevalishwa dera jipya, ameshikwa huku na huku, akawekwa juu ya mto. Alitabasamu. Alichukua birika akamtilia mgeni chai, akaitia kwenye sahani ya halwa mpaka ikamwagika mapajani mwa watu, na wote wakacheka.

"Ndiyo mimba hiyo," wakasema. Mmoja akaongeza, "Mimi nilikuwa natia chumvi kwenye chai."

Kisha Zakiya akamtazama Bi Mwanaesha na kumwita kwa jina la mamake mzazi, aliyekwisha kufa zamani. "Umerudi lini?" akamuuliza. "Mbona hukunambia waja, ningekupikia." Wakacheka tena, lakini wachache zaidi. Akaanza kuimba, wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, sauti nyembamba na maneno mengine hayapo. Tumu alimsaidia kuitikia, mwengine akapiga makofi, vigelegele vikalia, na kwa muda ukumbi mzima uliimba naye kwa furaha tupu. Ni katikati ya vigelegele ndipo macho ya Zakiya yalipogeuka, akaanguka ubavu juu ya kaimati, na mwili wake ukaanza kutukutika.

Muhdhar aliitwa kutoka baraza ya jirani. Alimbeba mkewe mabegani kama gunia, akashuka naye ngazi kati ya wanawake wanaolia, akamtia kwenye tuktuk. Bi Mwanaesha aliingia upande wa pili bila viatu, akimshika tumbo njia nzima ili wajukuu wasitikisike.

*

Hospitalini walimpa dawa ya kutuliza mtukutiko, wakachukua damu na mkojo. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Nyevu, asiyesema maneno mengi. Alimwita Muhdhar kando, na Muhdhar akamwambia ukweli, kwa sababu kwa daktari hakuna haya: kwamba wote wawili wana virusi, kwamba wote wawili wako kwenye dawa. Daktari Nyevu akapiga simu mbili. Aliporudi alisema kwa utaratibu.

"Mkeo hana mimba. Tena hajachukua dawa kliniki tangu mwaka jana."

"Ameniambia ameza."

"Hamezi. Kinga yake imeshuka sana. Kuna fangasi, hawa wako kwenye vumbi na mavi ya njiwa, sote twawavuta kila siku na hawatufanyi kitu. Kwake wameingia damuni, wamefika kwenye utando wa ubongo. Damu imeshaonyesha. Sasa maji ya uti wa mgongo yamejaa yasukuma ubongo, ndiyo sababu ya kichwa na macho. Nataka kuyatoa kwa sindano, leo, na dawa ya fangasi ianze leo."

"Sindano ya mgongo," akasema Muhdhar. Kila mtu Mombasa amjua mtu aliyechomwa sindano hiyo akafa.

"Waliokufa walifika wamechelewa, wakaisingizia sindano," akasema daktari. "Wewe bado hujachelewa. Ila ukinipotezea mchana huu, utachelewa."

Muhdhar alirudi kitandani kwa mkewe. Zakiya alikuwa amefumba macho, akisema maneno kwa sauti ya usingizini.

"Usiziweke kwenye unga," alisema. "Mama yuwataka kupika mahamri. Hakuna pahali, Muhdhar. Nimetafuta, hakuna pahali."

Muhdhar alisimama akisikiliza, na yote yakamfungukia: godoro juani, mikebe iliyopangwa upya, na kila kona ya nyumba ikiwa imeguswa na mkono wa mamake. Hakuweza kumkasirikia mkewe. Alitaka kukasirika na hasira haikuja.

Tatizo lilikuwa Bi Mwanaesha. Alikuwa ameketi kwenye kitanda, kati ya Zakiya na muuguzi aitwaye Crispus, aliyekuja na sinia ya vifaa na kusimama nayo kwa adabu.

"Mama, naomba upishe kidogo."

"Mwanangu, mimi sina ugomvi nawe. Lakini mja mzito hachomwi sindano mgongoni. Huyu ana pacha."

"Mama, kipimo hakikuonyesha mimba."

"Kipimo chenu cha mkojo. Mimi nimetazama shingo." Akaangalia wodi nzima, wagonjwa na jamaa zao, kama mtu anayewaita mashahidi. "Muulizeni yeyote wa Mji wa Kale kama Mwanaesha ameshawahi kukosea."

Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa wa Mji wa Kale vilevile, akatikisa kichwa kuthibitisha. Crispus akamtazama daktari, daktari akamtazama Muhdhar. Sahihi ya kukubali ilikuwa yake.

Muhdhar alikuwa mtu mzima mwenye kibanda na ndevu, lakini hakuwahi maishani mwake kumwambia mamake "hapana" mbele ya watu. Alimshika mkono akamwinua, akampeleka kwenye korido, karibu na ndoo ya kupigia deki.

"Mama, hakuna pacha."

"Nawe wanambia hivyo?"

"Hakuna pacha, hakuna mimba. Mimi na Zakiya tuna virusi vya Ukimwi. Tangu kabla hatujaoana. Mimi nameza dawa na ni mzima, wanionaje. Yeye aliacha, na sasa ugonjwa umeingia kichwani."

Bi Mwanaesha alimtazama mwanawe kama anayetafuta mshipa kooni mwake. Mtu alipita na kitanda cha magurudumu, wakasogea, wakarudi pale pale.

"Aliacha kwa nini?" akauliza mwishowe. "Mtu anajua dawa ndiyo roho yake, aache kwa nini?"

Hapo Muhdhar angeweza kusema uongo, na uongo ungekuwa wa adabu.

"Hakuwa na pa kuziweka," akasema. "Nyumba yote waipangusa wewe."

Bi Mwanaesha hakulia wala hakushika ukuta. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaifuta kwenye buibui ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akaingia ndani mbele ya mwanawe, akaenda moja kwa moja kwa Crispus.

"Nambie nimshike wapi."

Crispus akamwonyesha. Wakamlaza Zakiya ubavu, magoti yapande tumboni, kidevu kishuke kifuani, mgongo utokeze. Bi Mwanaesha akainama, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwengine nyuma ya magoti, akamkunja kwa ile mikono iliyowakanda wanawake wa mji mzima, na Zakiya akatulia. "Mama huyu ungeniachia hapa kila siku," Crispus akamwambia Muhdhar. Muhdhar alitia sahihi, akaenda kusimama dirishani kwa sababu hakuweza kutazama.

Maji yalitoka kwa nguvu. Daktari Nyevu alipima, akayaacha yatoke, akapima tena. Dawa ya mshipa ikatundikwa. Bi Mwanaesha hakumwachilia Zakiya hata alipoambiwa sasa aweza kumwachilia.

*

Jioni Zakiya alifumbua macho na kusema kichwa kimepungua. Akauliza kama kuna kitu cha kula. Muhdhar alishindwa kujizuia, akacheka kwa sauti mpaka jamaa wa kitanda cha pili nao wakacheka bila kujua sababu. Daktari alikuwa ameshawaambia wasifurahi mapema: sindano ingerudiwa kesho, pengine na kesho kutwa, dawa za fangasi zilikuwa za majuma mengi, na zile za virusi zingengoja kwanza zisije zikauvimbisha ubongo. Furaha haikusikiliza hayo. Muhdhar alitoka mbio kutafuta supu.

Simu ya Bi Mwanaesha ikalia. Alikuwa Tumu, na sauti yake ilijaza kitanda chote.

"Bi Mwanaesha, watu wamejaa hapa barazani. Pacha wazima?"

Zakiya alifumba macho. Bi Mwanaesha alimtazama, akaiweka simu karibu na mdomo.

"Hakuna pacha, Tumu. Hakukuwa na mimba. Nilikosea."

Kisha Tumu, pole pole: "Aliyekosea nani?"

"Mimi. Nilitazama shingo nikakosea. Waambie wote, wewe hodari. Zakiya ni mgonjwa, yuwatibiwa, na ugonjwa wake si wa barazani. Wataka kucheka, nichekeni mimi."

Akaizima simu. Kule Mji wa Kale walimcheka, bila shaka, na wangemcheka mpaka Ramadhani. Yeye alilijua hilo alipokuwa akitia simu mkobani.

"Ufa au si ufa," akasema bila kumtazama Zakiya, "kesho nahamia kwangu. Upate nafasi."

"Usihame, mama."

"Nimekuua, mwanangu. Kwa kitambaa cha kupangusia."

"Sijafa." Zakiya alitafuta mkono wake juu ya shuka. "Niachie pahali pamoja tu pa dawa. Usipaguse."

"Chagua. Popote."

Zakiya alifikiri kwa muda mrefu, macho mazito, hata Bi Mwanaesha akadhani amelala.

"Ukumbini. Juu ya meza."

Ukumbini ndipo wanapokaa wageni, na kwake yeye wageni hawakosekani: wake wa mashekhe, mabibi harusi na mama zao, Tumu na sahani yake ya viazi.

"Juu ya meza, basi," akasema. "Na mimi nitakaa kiti cha kando yake."